Kasongo: « Kusomea nyani? » papa aliuliza

Tangu familia yake ikimbie Kabambare, binti huyu analala na wadogo zake wanne katika chumba cha kuazimwa hapa Kasongo. Diploma yake ya serikali anayo, imefungwa ndani ya plastiki isilowe. Baba yake anataka asomee uuguzi. Yeye anataka kusomea uhifadhi wa mazingira katika Chuo Kikuu cha Kisangani.

« Kusomea nyani? » mzee aliuliza. « Nyani tuliwaona kule Luama bila kulipa minervali. »

Binti alimweleza habari ya lesula. Wawindaji wa upande wa Lomami walimjua kima huyo tangu zamani. Watafiti walimkuta mwaka 2007 huko Opala, anafugwa kwa mkuu wa shule ya msingi, na mwaka 2012 wakamtangaza kwa dunia kama aina mpya. Mwaka 2016 ikaundwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, sehemu yake ikiwa humu Maniema.

« Waliomjua hawakuandika, papa. »

Mzee hakutikisika. Aliuliza kazi iko wapi, na swali lake ni la haki, kwani njia peke yake ni mzigo: pikipiki hadi Kindu, boti ya Lualaba hadi Ubundu, kisha pikipiki tena. Kazi zenyewe si nyingi. Watu wakisikia uhifadhi hufikiria mlinzi wa ICCN mwenye bunduki, na familia iliyokimbia bunduki haitaki kusikia nyingine. Lakini kuna kuhesabu wanyama, kupima maji ya mito karibu na migodi, kufundisha.

Iliyomgusa mzee ni nyingine. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa mababu zake, hadi hektari 50,000, bila kikomo cha muda. Ombi linahitaji ramani, na baadaye mpango wa kuutunza msitu huo. Anayejua kuviandaa si lazima atoke Kinshasa.

« Na sisi tuliokimbia, msitu ungali wetu? »

Binti hakuwa na jibu. Mzee alikaa kimya, halafu akaomba daftari. Alianza kutaja vijito vya kijiji chao kimoja kimoja, na miti iliyo kando yake, binti akiandika mpaka giza likaingia.

Mama bado anasema uuguzi. Nauli ya Kindu haijapatikana.