Baba, Hapa Pia Kuna Watu wa Kanisa?

Najua wengi wenu mlitarajia mwendelezo wa somo letu la maombi. Litarudi Alhamisi. Leo nina neno la nyumbani kwangu, na nimeliandika nikilifuta mara tatu kwa sababu linanigusa mimi kabla halijamgusa mtu mwingine.

Kabla mtu hajauliza pesa zilitoka wapi: hazikutoka kwa sadaka. Dada mmoja mshirika wetu alishinda zawadi kazini kwake, siku tatu na usiku mbili kwa familia nzima katika hoteli moja ya gofu kule juu ya Ziwa Naivasha. Wiki hiyo yeye alikuwa na mgonjwa hospitalini. Akaniletea ile barua baada ya ibada, akasema, "Mchungaji, wapeleke watoto." Nilikataa mara mbili. Mama Mchungaji hakukataa hata mara moja.

Watoto wangu mnawajua, kwa hiyo sitaandika majina yao hapa. Mkubwa ana miaka minane, wa kati mitano, na kitinda mimba wetu miwili na nusu. Mnawaona kila Jumapili kiti cha mbele upande wa kushoto, wamenyooka kama mishumaa. Wengi mmenipongeza kwa hilo. "Mchungaji, watoto wako wana adabu." Nami nimekuwa nikiipokea sifa hiyo na kuiweka mfukoni.

Tulishuka kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Kama umepita pale unakijua kile kikanisa kidogo kando ya barabara, kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakiijenga hiyo barabara. Nikasimamisha gari tukione. Mkubwa akakizunguka, akauliza, "Pasta wa hapa ana watoto?" Nikamwambia ni kanisa la Wakatoliki, padri haoi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni sawa." Nilicheka, nikawasha gari. Sikuelewa alichosema mpaka kesho yake jioni.

Sasa hoteli yenyewe. Wapendwa, sijawahi kulala mahali kama pale. Nyasi zimekatwa zikawa kama zulia, ziwa linang'aa kule chini, na ng'ambo umesimama Mlima Longonot na kile kinywa chake kipana. Pundamilia wanakula nyasi za gofu na hakuna anayewafukuza. Kitinda mimba alipofika mapokezini na kuona sakafu inavyong'aa, alivua viatu akavishika mkononi, akidhani tumeingia sebule ya mtu. Nikamvalisha haraka kabla mhudumu hajaona. Hapo ndipo ilipoanza ile kazi niliyoifanya siku nzima, kazi ya kusema "shh."

Tukifika mezani, wa kati anaona lile bakuli la soseji na kupaza sauti, "Mama, zote ni zetu?" Namvuta mkono. Kitinda mimba anagonga kijiko. Nakichukua. Soda moja pale bei yake ni ya pakiti mbili za unga, kwa hiyo kila walipotamani kitu nilikuwa na jibu moja: tulieni. Nilikuwa nimekalia kiti laini kuliko vyote nilivyowahi kukalia, na mabega yangu yalikuwa juu karibu na masikio. Niliogopa mtu atatuangalia na kujua kwamba hatukulipa, na kwamba hapa si mahali petu. Watu wa gofu nao wana ukimya wao: mmoja akitaka kupiga mpira, wengine wote huganda. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe aligeuka kututazama wakati kitinda mimba alipolia, nami nikamchukua mtoto nikaondoka naye mbio kama mtu aliyeiba.

Siku ya pili jioni tulikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Mimi si mwogeleaji, lakini kwa mtoto wa miaka miwili na nusu huwezi kukaa kitini na simu, kwa hiyo niliingia upande wa maji mafupi nikamshika kwa mikono yote miwili. Wa kati alikuwa na maboya yake ya mikononi, anapiga maji taratibu, maana nilikuwa nimeshamwambia asirushie watu. Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni. Miguu ndani ya maji, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja. Yaani vile anavyokaa kanisani.

Nikamwuliza, "Mbona huchezi, mama?"

Akaangalia wale watu waliolala chini ya miavuli. Akainama karibu na sikio langu, akashusha sauti. "Baba, hapa pia kuna watu wa kanisa?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

Nikamwambia nina uhakika. Akaangalia mara nyingine, kisha akasimama, akaziba pua, akajitupa majini kwa kelele moja ambayo nadhani hata wale pundamilia waliisikia. Akaibuka anacheka, nywele zote usoni, akapiga kelele tena. Miaka minane naishi na mtoto huyu chini ya paa moja, na kelele ile sikuwa naijua.

Nilibaki nimesimama ndani ya yale maji na kitinda mimba kifuani, nikamkumbuka yule padri asiye na watoto.

Usiku ule baridi ya Naivasha ilikuwa kali. Watoto wakalala wote kitanda kimoja ingawa walikuwa wamepewa vitanda vitatu. Nikamsimulia Mama Mchungaji swali la mtoto, nikitarajia atashangaa. Akaniangalia tu. "Ulikuwa hujui?"

Wapendwa, kuna jambo nimelificha, na sitawaficha tena. Kuna Jumapili moja tulikuwa na wageni, maaskofu wawili, na wa kati alilia wakati wa matoleo kwa sababu dada yake alikalia mwanasesere wake. Mama mmoja nyuma akasema, na nilimsikia kwa sababu alitaka nimsikie, kwamba asiyeweza kutawala nyumba yake atalitawalaje kanisa. Nilimshika mtoto mkono nikatoka naye nyuma ya jukwaa. Kule nilimfinya sikio mpaka akanyamaza. Sikumfundisha kitu. Nilikuwa na aibu, na nilitaka mtu wa kuimalizia. Kisha nikarudi, nikachukua kipaza sauti, nikahubiri juu ya upendo wa Baba. Watu kumi na mmoja waliokoka siku hiyo. Nilimshukuru Mungu kwa wale kumi na mmoja na sikusema lolote kwa yule mmoja.

Sisi wachungaji tunamwogopa Eli. Tunalijua Neno la Samweli wa Kwanza, mlango wa tatu, jinsi Bwana alivyomhukumu mzee yule kwa sababu wanawe walifanya maovu naye hakuwazuia. Nimelihubiri mwenyewe, na mngalinisikia! Lakini wana wa Eli walikuwa watu wazima, makuhani, wakiiba nyama ya sadaka na kuwatenda vibaya wanawake mlangoni pa hema. Wangu ni mtoto wa miaka mitano anayelilia mwanasesere. Nilichukua hukumu ya wale nikamvika huyu. Tena nikisoma Marko kumi sioni mahali ambapo wale watoto walioletwa kwa Yesu walikuwa wametulia. Ninachoona ni wanafunzi wakiwafukuza, na Bwana akiwakasirikia wanafunzi. Mimi katika hadithi hiyo nimekuwa nikijiona nimesimama upande wa Yesu. Usiku ule nilijiona niko mlangoni na wale kumi na wawili, nimenyoosha mkono, nasema shh.

Asubuhi ya mwisho watoto waliamka kabla ya jua. Nikawatoa nje ili mama yao alale, na tukamkuta mzee mmoja mbeba fimbo, wale wanaoitwa kedi, anangoja wachezaji. Tukaamkiana. Akatuuliza kama watoto wameshawahi kushika fimbo. Nikaanza kueleza kwamba wana fujo, tutasumbua watu, na yeye akawa tayari amechukua fimbo fupi ya kusukumia mpira na kumpa wa kati. Akatupeleka kwenye kile kiwanja kidogo cha mazoezi karibu na nyumba kubwa. Aliwaonya jambo moja tu, lakini alilisema kwa uzito: msikanyage kule kwenye uwanja mkubwa watu wakicheza, maana mpira ule ni mgumu na unaweza kumuumiza mtu vibaya. Na mkisikia mtu anapaza sauti "Fore!", fungeni vichwa kwa mikono, msitazame juu. Bila shaka wa kati ameshalichukua neno hilo. Amelipaza nyumbani wiki nzima.

Mzee yule alijua mambo. Alituambia mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14. Alituambia mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na kwamba Seve Ballesteros wa Uhispania aliyashinda 1978, akiwa bado kijana mdogo kabisa. Akawaonyesha watoto shimo: upana wake ni milimita 108, na ni uleule dunia nzima, awe anacheza bingwa au wewe, akamwambia kitinda mimba. Kitinda mimba akatia mkono ndani ya shimo kutafuta panya.

Wa kati alipiga mara nyingi akikosa. Nilijishika mdomo nisimwelekeze. Halafu akapiga mpira mmoja ukaenda polepole, ukapinda, ukasimama pembeni mwa shimo kama unafikiria, ukatumbukia. Alipiga kelele! Dada yake akapiga kelele, kitinda mimba akapiga kelele bila kujua ni kwa nini. Nami nikageuka haraka kuona nani ametusikia, maana tabia haifi kwa usiku mmoja. Yule mzee wa kofia nyeupe alikuwa amesimama pale na wenzake watatu. Nikaanza kuomba radhi.

"Unaomba radhi ya nini?" akasema. "Wajukuu wangu wako Canada. Kelele zao nazisikia kwa simu." Na wote wanne wakampigia mtoto makofi, fimbo zikiwa kwapani.

Ukisoma Zekaria mlango wa nane, mstari wa nne na wa tano, utakuta Bwana anaahidi jinsi Yerusalemu utakavyokuwa akirudi kukaa ndani yake. Hakutaja kwaya. Alitaja wazee wameketi njiani, kila mmoja na fimbo yake mkononi kwa sababu ya uzee, na wavulana na wasichana wamejaa wakicheza. Nimeupita mstari huo miaka mingi nikikimbilia mistari ya kupigania vita. Asubuhi ile niliuona kwa macho: wazee, fimbo, na watoto wangu. Sisemi hoteli ya gofu ni Yerusalemu, msininukuu vibaya. Nasema nililazimika kwenda mahali ambapo hakuna anayenijua ndipo nione watoto wangu wakicheza mbele za watu bila kuniangalia usoni kwanza.

Kabla ya kufunga mizigo nilikaa sakafuni chumbani, nikamwita wa kati, nikamwambia ile siku ya maaskofu baba alimkosea. Nikamwomba msamaha kwa sikio lake. Alilishika sikio kana kwamba analiangalia kama bado liko. Akasema, "Lilikuwa linauma mpaka jioni." Akanyamaza, kisha akauliza kama bado kuna muda wa kurudi bwawani. Mkubwa alikuwa mlangoni anasikiliza. Hakusema kitu, lakini njiani tulipopita kile kikanisa cha Waitaliano alikipungia mkono.

Sasa nawaomba, washirika. Kuanzia Jumapili hii kile kiti cha mbele kushoto wapeni wageni. Watoto wangu watakuwa shule ya Jumapili na wenzao, na wakati wa ibada ya pamoja watakaa na mama yao popote watakapopata nafasi. Wahudumu, msiwaite tena kuja kusalimia wageni wa madhabahuni. Wakikosea, waambie kama ungemwambia mtoto wa jirani yako, usiwaambie kwamba ni watoto wa mchungaji. Na yule mama wa ile siku, simlaumu na sitamtaja. Mkono uliofinya ulikuwa wangu.

Jambo la mwisho. Yule mzee kedi alimpa wa kati mpira mmoja mweupe. Analala nao, na ameomba kuja nao kanisani. Nimemruhusu. Ukisikia kitu kinabingirika chini ya viti wakati wa mahubiri, ni huo. Tafadhali mrudishie.