Namba Niliyowapa Haikuwa na Mzigo

Wasee, kama bado uko na ile video yangu ya "punguza upepo upate gripi" kwa simu, tafadhali ifute. Halafu rudi hapa usome ni kwa nini.

Kwa wale hawakuiona, ilikuwa klipu ya sekunde 50. Pikapu ya dizeli huko Marekani, jitu la tani 3 hivi, imesimama kwa laini ya mbio za dragi. Nyuma imevaa sliki. Sliki ni tairi ya mpira laini sana, haina meno wala mifereji, na kazi yake ni moja tu: kushika lami kavu kwa sekunde chache. Taa inawaka kijani, ubavu wa tairi unajikunja kama kitambaa, pikapu inachomoka. Juu yake nikaweka sauti yangu nzito: "Siri ni upepo. Hawa watu huweka PSI 8 pekee. Upepo kidogo, gripi nyingi." Ikaenda kuliko kitu chochote nimewahi kupost. Nililala nikijiona profesa.

Hiyo 8 niliitoa wapi? Kwa komenti ya msee fulani aliyekuwa anaongea kuhusu gari lake la mbio, jepesi, limetolewa viti na kila kitu. Sikuuliza lilikuwa na kilo ngapi. Namba ilikuwa fupi na ilisikika vizuri, basi nikaichukua.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, mjomba wangu akanipigia. Yeye huendesha Canter, hutoa viazi Kinangop kuleta Marikiti. Siku hiyo hakunisalimia vile hunisalimia. Aliniuliza tu, "Kijana, uko nyumbani? Nakuja."

Alikuja na gunia. Ndani kulikuwa na kipande cha tairi. Akakiweka juu ya meza, karibu na simu yangu na ile taa ya kurekodi, akaniambia, "Guza." Nikaguza. Upande wa ndani mpira ulikuwa umeungua hadi unamomonyoka, nyuzi zimetokeza kama nywele.

Hii ndiyo stori. Walikuwa wamebeba magunia 70 ya kilo 50, yaani tani tatu na nusu. Barabara ya shambani ilikuwa matope tupu, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Tanboi wake, kijana wa umri wangu, akasema ameona mahali ukipunguza upepo gari linashika. Wakafungua valvu za tairi zote nne za nyuma, wakaacha upepo utoke hadi wakaona tairi zimekaa. Hakuna geji, ni macho tu. Na Canter ikatoka.

Hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu ilifanya kazi. Kwa matope, tairi iliyolala kidogo inagusa eneo kubwa zaidi na haichimbi sana, hiyo ni kweli. Shida ni kwamba walifika Njabini wakapata stima zimepotea, na kompresa ya mtu wa pancha haifanyi. Wakasema watajaza mbele. Wakaingia lami, wakaongeza mwendo. Kabla ya Kimende, tairi ya ndani ikapasuka. Canter ikavuta kwenda upande wa magari yanayokuja. Kulikuwa na matatu. Dereva wa matatu alitoka barabarani kabisa, akapita na changarawe.

Hakuna mtu aliumia. Mjomba alisema hivyo mara mbili, kama mtu ambaye bado hajaamini. Halafu akaniuliza, "Sasa ile gari ya kwa video yako, inabeba nini, na inaenda mbali wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndio nikaanza kutafuta, na kile nilipata ndicho nilipaswa kuwaambia tangu mwanzo.

Kwanza, hata kwa mbio zenyewe nilikosea. Upepo ndio unabeba gari, si mpira. Piga hesabu rahisi. Chukua pikapu yetu ya tani 3 na useme kila tairi ya nyuma inabeba kilo 700, ambayo ni pauni 1,540 hivi. PSI ni pauni kwa kila inchi ya mraba. Ukiweka PSI 8, ili kuushika huo uzito tairi inahitaji kulaza chini inchi za mraba zaidi ya 190. Ukiweka 20, inatosha inchi 77. Ubavu wa tairi nao husaidia kubeba kidogo, lakini picha unaiona. Kwa gari jepesi, 8 inaweza kuwa sawa kabisa. Kwa jitu kama lile, 8 ni kulitandika tairi chini kama chapati: ubavu unaporomoka, gari linayumba likishika kasi, na tairi inaweza hata kuteleza kwenye rimu. Gari likiwa zito, upepo unapanda. Ndiyo maana wanaojua hupima kwanza uzito wa ekseli, wanachukua kiwango cha kuanzia kutoka kwa mtengenezaji wa tairi, na kutoka hapo wanabadilisha nusu PSI ama PSI moja tu kwa wakati.

Na hawakisii. Wanatumia geji ndogo inayoishia PSI 30 hivi, kwa sababu ile kubwa ya malori inayofika 160 haiwezi kukuonyesha nusu. Tairi za kushoto na kulia lazima zilingane, la sivyo gari linavuta upande mmoja. Wanachoma tairi kwanza, zipate joto na zijisafishe, halafu baada ya mbio wanasoma alama. Katikati ikiwa pekee ndiyo imeshika lami, upepo umezidi. Kingo zikiwa nyeusi na katikati hafifu, upepo umepungua. Wanaangalia pia muda wa zile mita 18 za kwanza, kwa sababu hapo ndipo sliki inashinda ama inashindwa.

Halafu kuna joto. Kuna msee aliniandikia nirudi chuo kabla nifundishe watu. Ni kweli niliacha chuo, lakini hii si hesabu ya chuo, ni kanuni za gesi, fizikia ya Form Three. Hewa ikipata joto ndani ya chombo kilichofungwa, presha inapanda. Sliki yenye PSI 20 ikipanda digrii 30, inaongeza kama 3. Kwa mbio, 3 ni nyingi mno. Hata kuegesha gari tairi moja ikiwa juani na nyingine kivulini kunaharibu vipimo. Canter yenye PSI 80 asubuhi nayo itasoma karibu 90 ikipata joto hilo hilo. Hiyo ni kawaida. Ukiipunguza ikiwa moto ili irudi 80, asubuhi ikipoa umebaki na upepo mdogo.

Sasa rudi kwa swali la mjomba. Mbio za dragi za robo maili ni mita 402. Sliki inajikunja kwa sekunde chache, halafu inapumzika. Tairi ya Canter yenye upepo mdogo inajikunja kila mzunguko, kilomita baada ya kilomita, na kila kujikunja kunaongeza joto. Kwa zile pacha za nyuma ni mbaya zaidi: moja ikilegea, mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Inaiva kutoka ndani polepole, na wewe dereva huoni kitu hadi ipasuke.

Na wale walioniandikia "kumbe tairi kipara ni poa, hata wazungu wanakimbia nazo", hapana. Kipara ni mpira mgumu uliozeeka, hauna tena pa kupitishia maji. Sliki ni mpira laini mpya uliopashwa moto. Na hata sliki yenyewe, mvua ikinyesha mbio za dragi husimamishwa. Wewe na matatu yako hamsimamishwi.

Nilimwambia mjomba, "Anko, pole. Nilisema kitu sikijui." Akanyamaza kidogo. Akasema tanboi bado anaamini ni yeye aliharibu, na hataki tena kushauri kitu chochote kwa gari. Hiyo iliniuma kuliko lile tairi. Kijana alijaribu kusaidia kazini na namba niliyompa mimi, na aibu ikabaki kwake.

Nilienda Kirinyaga Road, nikanunua geji ya malori. Jumamosi nikaipeleka Kinangop, nikampa yeye, si mjomba. Nikamweleza mbele ya mjomba kwamba wazo la matope halikuwa mbaya. Kilichokosekana ni kupima kabla ya kutoa, kujua utajazia wapi, na kutogusa lami na mzigo kabla ya kujaza. Alisikiliza, halafu akaniuliza mbona sikusema hivyo kwa video. Nikamwambia ukweli: ingekuwa ndefu, na nilitaka watazamaji.

Ile video nimeitoa. Lakini najua watu waliihifadhi na wengine wameipost upya bila jina langu, na siwezi kuifikia yote. Ukikutana nayo, waambie kwa komenti: hiyo 8 ni ya gari gani, lina kilo ngapi, na linaenda umbali gani? Na ukiniona tena nikitoa namba bila hayo matatu, niulize mimi pia.