Hiliki Hutiwa Mwisho

Jirani yangu hapa Kent, Uingereza, hupika bia gerejini kwake. Mimi sinywi, lakini Jumamosi moja harufu ilinivuta hadi mlangoni, akanikaribisha. Alinipa ua la hopi, la kijani, jepesi kama karatasi. Nilipolipasua, vidole vikabaki na unga wa manjano unaonata. Humo ndimo uchungu wa bia ulimo.

Uchungu huo hautoki kwa haraka. Asidi za alfa zilizomo kwenye unga ule haziyeyuki vizuri mpaka mchemko uzibadilishe umbo, na hilo lataka muda. Kwa hiyo fungu la kwanza la hopi jirani hulitia wakati maji ya kimea yanapoanza kuchemka, likatokota dakika 60. Fungu la pili hulitia zikibaki dakika 5 tu, maana mafuta yanayonukia huruka na mvuke. Ua ni lile lile. Saa ya kulitia ndiyo inayoamua litoe uchungu au litoe harufu.

Pale pale nikamkumbuka bibi yangu, kule kijijini kwetu Jambiani, amechutama mbele ya seredani. Tangawizi iliyopondwa aliitia mapema pamoja na kahawa, ikachemka mpaka ikakolea. Hiliki alikuwa nayo kiganjani, hajaitia. Akishika mpini wa dele kutaka kuliepua, ndipo anaiachia. Nilikuwa nikimuuliza, “Bibi, sasa?” Ananijibu, “Bado, mwanangu, tangawizi bado hainukii.”

Kahawa ya huku Uingereza hupitishiwa maji ya moto dakika 4 hivi, machicha yakatupwa. Watu wa huku wanauogopa uchungu. Yetu hukaa na machicha yake juu ya makaa, na anayeinywa barazani baada ya magharibi hupata iliyo chungu zaidi kuliko anayeinywa alasiri. Uchungu huo ndio tunaoutaka, ndiyo maana kuna kashata. Naipenda kahawa hiyo kuliko yoyote niliyoinywa Ulaya.

Wiki iliyofuata nilimwita jirani jikoni kwangu. Nikaichemsha kahawa kwenye sufuria ndogo, hiliki kiganjani. Akatoa kalamu na daftari lake la bia, akaniuliza ni dakika ngapi. Nikamwambia anuse. Tulisimama kimya juu ya mvuke ule, tangawizi ikapanda, nikaiachia hiliki. Akatazama saa, akaandika: dakika 22.