Mtoto Aliyechoka Kushika Saa

Akina mama wenzetu, je, mmewahi kumlinda mtoto hadi ulinzi wenyewe ukamuumiza? Sisi tumewahi. Tuliligundua jambo hilo uani kwetu, hapa Morogoro, mwezi wa Agosti 2024, tulipoandaa Olimpiki ya nyumbani.

Siku hizo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikiendelea jijini Paris, na watoto wetu watatu hawakubanduka mbele ya televisheni. Kila walipoona mbio, nao walitoka kuzunguka mwembe. Makochi yaligeuka viunzi vya kuruka. Tukaona heri tuwape michezo yao wenyewe kabla nyumba haijabomoka. Tukachagua siku ya Nane Nane, kwa kuwa ni sikukuu na sote tungekuwapo.

Hatukununua kitu. Medali tulizitengeneza kwa vifuniko vya chupa za soda, tukavitoboa kwa msumari na kuvifunga kwa vipande vya kitenge. Mfuniko wa ndoo ukawa kisahani cha kurusha. Tukatafuta magunia mawili, kamba ya kurukia, beseni na kokoto za kulengea, vijiko na ndimu. Kitindamimba wetu, mwenye miaka 7, alitengeneza mwenge kwa kikombe cha plastiki na karatasi nyekundu, akautembeza kuzunguka mwembe kwa heshima zote kama Mwenge wa Uhuru unavyopita wilayani. Watoto wanne wa majirani wakajiunga. Tukasali, tukafungua michezo.

Mtoto wetu wa kati, mvulana wa miaka 11, ana selimundu. Wengi wenu mnaufahamu ugonjwa huu, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa nao. Mtoto huurithi kwa baba na mama, hata kama wazazi wenyewe hawaumwi. Chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo huja maumivu makali. Baridi, homa, kukosa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vyote vinaweza kuyaamsha.

Mwaka 2022 alicheza mpira kwenye jua kali bila kunywa maji. Usiku ule tulimkimbiza hospitali, akalazwa siku tano. Kwa miaka zaidi ya ishirini ya uuguzi tumewapakata watoto wengi wakilia kwa maumivu hayo, lakini anapolia wako wa kumzaa, uuguzi wote hukutoka. Tangu siku hiyo, palipokuwa na mchezo tulimpa kazi ya kukaa: kutunza viatu, kuhesabu magoli, kushika saa.

Basi hata siku ya Nane Nane tulimwekea kiti kivulini, tukampa filimbi na saa ya baba yake. Tulidhani tumempa heshima. Mbio za magunia zilipokaribia kuanza, watoto walijipanga, wakangoja filimbi. Haikulia. Kiti kilikuwa kitupu.

Tulimkuta nyuma ya jiko, ameinamia magoti yake.

"Mama," alisema, "kila siku mimi nawashikia wenzangu saa. Yangu ataishika nani?"

Tulikosa neno. Michezo ikaishia pale, na majirani wakaenda na ndimu zao.

Swali la usiku

Baada ya chakula baba yao aliwasimulia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City mwaka 1968. Njiani alianguka, akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kufika zaidi ya saa moja kabla, na giza lilikuwa limeingia, ndipo Akhwari alipoonekana akiingia uwanjani na bandeji mguuni, akichechemea. Alimaliza akiwa wa mwisho, na hadi leo jina lake linatajwa duniani.

Kifungua mimba wetu aliuliza kwa nini hakuacha. Mdogo wake wa kati alikuwa na swali jingine.

"Baba, mama yake hakuwepo uwanjani?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua tu ilikuwaje mtu yule asikatazwe. Sisi tuliosikia tulitazamana, halafu tukatazama sahani zetu.

Hatukutaka ajifunze kuvumilia maumivu. Kwa mwenye selimundu, kuficha maumivu ni hatari, na hilo tulimwambia waziwazi. Lakini tuliona kwamba tulikuwa tumechanganya mambo mawili: kumkinga mtoto na ugonjwa, na kumnyima utoto.

Ijumaa tulimuuliza daktari wa kliniki yake. Akatueleza jambo ambalo sisi wenyewe huwaambia akina mama wengine: mtoto huyu anaweza kucheza kwa kiasi, mradi apumzike mara kwa mara, anywe maji ya kutosha, asipigwe na jua kali wala baridi, na akisikia maumivu aache mara moja. Tulikuwa tukiyajua hayo. Hofu ndiyo iliyotuziba masikio.

Siku ya pili

Jumamosi, tarehe 10, tulianza upya kwa kanuni mpya. Tulingoja jua la asubuhi lipashe ua joto, tukaweka ndoo ya maji safi na vikombe chini ya mwembe. Kila baada ya mchezo, watoto wote walipumzika na kunywa maji, si mmoja tu. Filimbi ya mapumziko tulimwachia mwenyewe, na alipoipuliza, kila mtu aliketi. Hivyo kupumzika hakukuwa tena alama ya ugonjwa, kulikuwa sheria ya michezo.

Kila mchezo ulichezwa mara mbili. Medali moja ilikuwa ya mshindi, nyingine ya aliyeishinda alama yake mwenyewe ya awali. Tuliongeza na michezo isiyohitaji pumzi nyingi: kulenga kokoto kwenye beseni, na kutembea na kopo la maji bila kumwaga.

Katika kulenga, mara ya kwanza mwanetu aliingiza kokoto 4 kati ya 10. Mara ya pili aliingiza 7. Katika mwendo wa kopo alifika wa mwisho kabisa, akitazama maji kama anayevuka daraja la mti mmoja. Dada yake ndiye aliyeshika saa. Alipofika, alimsomea muda wake kwa sauti kubwa, na majirani wakapiga makofi.

Tusiseme kwamba yote yalikuwa matamu. Dada mtu alinuna, kwa sababu alishinda michezo mitatu lakini hakuzidi alama zake hata mara moja. "Kwani mimi kosa langu nini?" akauliza. Tukamwambia hana kosa, medali za ushindi ni zake kwa haki. Mtoto mwenye afya naye anahitaji kusifiwa, na katika nyumba yenye mgonjwa tunamsahau upesi.

Usiku ule tuliketi pamoja kumtazama Faith Kipyegon wa Kenya akishinda mita 1500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo. Yeye ni mama. Alijifungua mwaka 2018, akarudi uwanjani na kushinda tena. Sisi akina mama tulipiga vigelegele peke yetu, maana mwanetu alikuwa amekwisha kusinzia na vifuniko vyake viwili vya soda shingoni. Usiku wa manane alisema miguu inamuuma. Moyo ulituruka. Tulimpima joto, tukampa maji na dawa yake ya maumivu, tukamfunika vizuri, tukakesha kando yake. Asubuhi aliamka akiomba uji. Kitindamimba naye alilalamika miguu. Ulikuwa uchovu wa watoto waliocheza.

Wapendwa, huenda ninyi hamna mtoto mwenye selimundu. Labda wenu ana pumu, au mguu mmoja mfupi, au ni mzito, au ni mwoga tu. Andaeni michezo uani kwenu, na kabla ya kupanga medali, jiulizeni ni nani anayeshika saa kila siku. Kama ana ugonjwa, muulizeni kwanza daktari wake. Kisha mtafutieni mchezo anaouweza, mwekeni maji karibu, na mwacheni aseme mwenyewe lini amechoka.

Sisi bado tunaogopa. Lakini saa ya baba yao sasa hushikwa kwa zamu.