Nyumba ya mega 186

Wasikilizaji wetu wa Kasomeno, nanyi jamaa mlioko ng'ambo ya Luapula, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta habari ya fishie moja iliyokataa kusafiri.

Mama yangu mdogo alivuka kwenda Zambia mwaka 2017, vita ilipotawanya watu wa upande wa Pweto, na mpaka sasa yuko Mantapala. Mwaka huu watoto wake wamechanga pesa wamjengee nyumba hapa Kasomeno, vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma. Mdogo wangu anayesoma Lubumbashi akaichora kwa SketchUp, programu inayokuwezesha kuizungusha nyumba na kuiona pande zote. Fundi alikuwa anangoja neno moja tu la Mama ili achimbe msingi.

Neno halikuja, kwa sababu Mama hakuwa ameona kitu. Fishie ilikuwa na mega 186. Jioni tatu nilipanda juu ya kichuguu kutafuta rezo, mega nilizonunua zikaisha, fishie ikakatikia njiani. Tukaibana kwa zipu: ikashuka hadi 181 tu, maana uzito wake mwingi ulikuwa picha, na picha za simu huwa zimekwisha kubanwa.

Kazi yangu mimi ni sauti. Dakika moja ya sauti mbichi ya stereo inakula mega 10 hivi. Nikiigeuza kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, inabaki nusu mega, na msikilizaji anasikia kila neno. Mdogo wangu alipokuja likizo na ordinateri yake, nikamwuliza: «Katika nyumba hii, ni kitu gani Mama hatakitazama?»

Akatunza kwanza nakala ya mchoro wa asili, kisha tukaanza kupekua.

Madirisha sita yalikuwa yamechorwa kila moja peke yake. Akatengeneza dirisha moja kama kipande cha mfano, akalirudia mara sita. Programu inatunza umbo mara moja tu, mengine inakumbuka mahali pake.

Kuta zilivalishwa picha za matofali alizopiga kwa simu, za pikseli 4000 kwa 3000. Akazipunguza hadi 512 kwa 384. Pikseli zikapungua zaidi ya mara 60, na ukuta bado ni ukuta wa matofali.

Uani palikuwa na gari na mwembe, vyote vimeshushwa kutoka intaneti. Mwembe ule ulikuwa na maelfu ya majani, kila jani na nyuso zake. Tukafuta vyote viwili.

Lakini uzito haukushuka! Kumbe ukifuta kitu machoni, programu inaendelea kukitunza ndani, huenda utakihitaji tena. Katika taarifa za mchoro, sehemu ya takwimu, kuna kitufe cha kuondoa visivyotumika. Akakibonyeza, akaandika upya: mega 6.

Usiku uleule fishie ikavuka Luapula. Kijana mmoja wa Mantapala akamfungulia Mama kwenye simu yake. Asubuhi sauti yake ikanifikia: «Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini jiko mumeliweka ndani, moshi wa makaa utaniua. Na mwembe wa baba yenu uko wapi? Jiko nalitaka chini ya mwembe.»

Tulinyamaza wote wawili. Mwembe ule uko kweli kwenye kiwanja, sisi tuliufanya pambo. «Yaya,» mdogo wangu akasema, «tumefuta kitu alichokuwa anakitafuta.» Akaurudisha: shina moja na kichwa cha nyuso chache, uzito wake hauhesabiki. Jiko likatoka nje, fundi akachimba Jumatatu.

Vijana mnaowachorea watu wanaorudi nyumba na madarasa, punguzeni uzito, maana mwenye nyumba yuko mbali na simu yake ni ndogo. Lakini kabla ya kufuta, mwulizeni yeye anataka kuona nini. Msingi ukisha kumwagwa, hakuna kitufe cha kuurudisha.