Pini Nene, Pini Ndogo

Kuna kipindi Mwanza, katikati ya miaka ya 2000, ambapo kila aliyefika kibanda cha kuchajia simu aliulizwa jambo moja kabla ya salamu kuisha: pini nene au pini ndogo? Mwenye Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003, alijibu nene, yaani ncha ya milimita 3.5. Kisha Nokia ikaleta ncha ya milimita 2, na ndugu wawili wa nyumba moja, wote wana Nokia, wakashindwa kuazimana chaja. Mwenye Siemens au Motorola alitembea na ya kwake; akiisahau, imekula kwake.

Wenye vibanda vya Kirumba, Igoma na Buzuruga walijipanga. Walifunga nyaya za kila aina kwenye ubao mmoja, simu zikalala zimebandikwa vikaratasi vya namba mgongoni. Simu isiyo na waya wake ilitolewa betri, betri ikabanwa kwenye chaja ya kobe, ile yenye miguu miwili ya chuma inayosogezwa mpaka iguse chanya na hasi. Kobe hakuuliza jina la kampuni. Alitaka chuma kiguse chuma basi, na plagi zote duniani, ziwe za jokofu au za kompyuta, zinafanya kazi hiyohiyo.

Ugumu uko kwenye huko kugusana. Ndani ya soketi mna vibamba vya shaba vyenye uspringi, vinavyoibana pini inapoingia. Kwa macho vimebanana barabara, lakini kwa kweli vinagusana kwenye vinundu vichache tu vilivyoinuka, na umeme wote unapita hapo. Uspringi ukilegea au kutu ikiingia, vinundu vinavyogusana vinapungua na joto linapanda. Ndiyo maana plagi ya pasi hugeuka kahawia na kunuka, ilhali waya wake ni mzima kabisa.

Watu wa visiwa vya ziwani, karibu na Mwanza, walilijua hili kabla nguzo za umeme hazijawafikia. Redio ikianza kukwaruza, mzee alifungua kifuniko cha nyuma, akaanika betri juani, kisha akasugua springi kwa ncha ya kisu mpaka zing'ae. Jua lilisifiwa sana, lakini kisu nacho kilistahili sifa: kiliondoa ukoko ulioachwa na betri zilizovuja.

Baadaye elimu hiyo ilihamia majini. Wavuvi wa dagaa, wanaotoka nyakati za giza mwezi ukiwa haupo, kwa miaka mingi walitegemea karabai na mafuta ya taa. Karabai haina waya. Zilipoingia taa za LED na betri za volti 12, gharama ya mafuta ikashuka, lakini kazi ikaongezeka mahali pengine: kwenye vibanio vya betri, juu ya chelezo kinachorushiwa maji usiku kucha. Ukoko mweupe au wa kijani ukiota pale, taa hufifia, na taa ikizimika dagaa waliokwisha kukusanyika hutawanyika. Kusugua vichwa vya betri na kuvipaka grisi kumekuwa sehemu ya uvuvi, kama kushona nyavu.

Ukutani, Tanzania ilirithi soketi ya Waingereza ya matundu matatu, iliyowekewa viwango mwaka 1947. Ni chombo kilichofikiriwa vizuri mno. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko wenzake, hivyo inaingia kwanza na kufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya umeme. Mtoto akichokonoa matundu hayo, anakuta yamefungwa. Halafu vikaja vifaa vya pini mbili za mviringo, na watu wakagundua kwamba kalamu ikichomekwa tundu la juu, vifuniko vinafunguka. Nyumba nyingi zinaishi hivyo hadi leo. Inasikitisha, kwa kuwa pini za mviringo hushikwa pembeni tu na vibamba vilivyotengenezwa kwa pini bapa, joto likapanda, na ile kinga ya mtoto imeondolewa kwa mkono wa mzazi. Adapta ya kumaliza tatizo hilo inapatikana duka lolote la umeme.

Kwenye kompyuta mambo yalikwenda kinyume: matundu yalipungua. Mashine za intaneti kafe za wakati ule zilikuwa na mgongo wa rangi, zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya, buluu ya pini 15 kwa skrini, na mdomo mpana wa matundu 25 kwa printa. Pini ya skrini ikipinda, picha iligeuka njano au waridi mpaka mtu ainyooshe taratibu. USB, iliyotoka mwaka 1996, ilimeza sehemu kubwa ya msururu huo kwa vibamba vinne tu. Viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kidogo, hivyo kifaa hupata nguvu kwanza kabla data haijaanza kupita.

Simu nazo zikafuata: mikro-USB mwaka 2007, kisha Taipu C mwaka 2014, yenye vibamba 24 na isiyojali upande. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple ilikwisha kukubali na iPhone 15 mwaka 2023.

"Fundi, sistimu chaji imekufa," ndivyo wateja wanavyosema sasa mjini. Fundi makini hakimbilii lehemu. Anachukua sindano, anachokoa ndani ya mdomo wa simu, na mara nyingi linatoka donge la vumbi na nyuzi za mfukoni lililozuia waya usifike mwisho. Likitoka donge na simu bado haichaji, anageukia waya wenyewe, maana midomo imefanana lakini nyaya hazijafanana: upo unaochaji tu, upo unaopitisha data, upo unaobeba umeme mwingi. Kwa hiyo anauchomeka kwenye kimita kidogo cha USB, anasoma ampea, na ukionyesha nusu ampea tu anauweka pembeni na kuchukua mwingine.