Mifereji ya jino na orodha isiyotosha

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi kwa sababu rafiki yangu, daktari wa meno, aliniomba nimwandikie programu ya rekodi za wagonjwa. Kazi hiyo imenipeleka mahali ambapo shahada yangu ya kompyuta haikuwahi kunifikisha: ndani ya mzizi wa jino.

Kumbe ndani ya mzizi mna mfereji unaopitisha neva na mishipa ya damu, na mfereji huo waweza kugawanyika au kuungana na mwingine. Jino likioza hadi ndani, daktari husafisha mifereji yote kisha huiziba. Akiruka mmoja, bakteria hubaki humo na maumivu yanaweza kurudi. Kwa hivyo rekodi sahihi ni muhimu, hasa kwa daktari atakayelifungua jino hilo tena.

Mwaka 1984 Frank Vertucci wa Marekani alichapisha uchunguzi wa meno 2,400, akaipanga mifereji katika aina 8. Aina ya 1 ni mfereji mmoja toka mwanzo hadi ncha. Ya 2 ni miwili inayoungana. Ya 8 ni mitatu isiyokutana. Sisi waandishi wa programu tukiona orodha kama hiyo, mara moja tunawaza menyu ya kuchagua.

Rafiki yangu akaniuliza: "Mfereji mmoja ukigawanyika kuwa mitatu, nibonyeze wapi?" Hakuna pa kubonyeza.

Mwaka 2017 Hany Ahmed na wenzake walipendekeza njia nyingine: andika unachokiona. Kwanza idadi ya mizizi, kisha namba ya jino, kisha safari ya mfereji. Jino la 35 lenye mzizi mmoja, na mfereji unaogawanyika kisha kuungana tena, huandikwa ¹35¹⁻²⁻¹.

Nimechagua njia hii, ingawa kuandika kunachukua muda zaidi kuliko kubonyeza. Sababu ni moja. Kutoka kwenye maelezo hayo, programu yaweza kutoa aina ya Vertucci pale inapokuwepo. Kinyume chake hakiwezekani: ukiambiwa "aina ya 4", yaani mifereji miwili iliyotengana, hujui kama imo katika mzizi mmoja au miwili. Habari hiyo ikishatupwa, hakuna msimbo utakaoirudisha.

Wenzangu mnaotengeneza hifadhidata, nyinyi mngefanyaje? Niandikieni.